Tarumbeta ya Kwanza

Hiyo kazi iliingia saa tano usiku. Kurasa sita kuhusu mwanamuziki yeyote wa jazi wa Marekani aliyejipatia riziki studioni, nafasi mbili kati ya mistari, mwisho saa tatu asubuhi. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa huko kwao, na kwa kuwa kwao bado ilikuwa mchana, pengine alikuwa anakunywa kahawa. Mimi nilikuwa kwa bedsita yangu Githurai, tokeni za stima zikikaribia kuisha, na bando la usiku lililonunuliwa kwa mkopo.

Kama umewahi kuishi karibu na chuo kikuu chochote hapa kwetu, unaijua hii biashara. Sisi tunaiita kuandika, basi, kana kwamba hakuna uandishi mwingine duniani. Mtu wa mbali analipa, wewe unaandika, jina lake linakaa juu. Niliingia humo nilipoacha chuo mwaka wa tatu. Sikufukuzwa na sikufeli. Nilikosa karo mihula miwili mfululizo, halafu siku moja nikagundua nimeacha kwenda. Tangu wakati huo nimeandika kuhusu uuguzi, kodi za kampuni, Shakespeare, na vidonda vya watu wenye kisukari. Kuna watu wana digrii nzuri sana ambazo zilipita hapa Githurai.

Sasa usiku huo nikatafuta jina lenye habari za kutosha kujaza kurasa sita haraka, nikaangukia Joe Wilder. Sikuwa nimewahi kulisikia. Nikafungua wimbo mmoja niwe nasikiliza nikiandika, na ilipofika saa tisa usiku nilikuwa nimeandika kurasa mbili tu. Mteja alipata zake sita mwishowe, usijali. Lakini zile sita zilikuwa zake. Hizi ni zangu.

Joseph Benjamin Wilder alizaliwa Februari 1922, akakulia Philadelphia. Baba yake, Curtis, alikuwa mpiga besi na kiongozi wa bendi. Kulikuwa na kipindi cha redio cha watoto weusi pale mjini, kikidhaminiwa na duka la mshonaji nguo, na kijana Joe akawa anapiga humo. Sheria za Philadelphia za siku hizo zilizuia maonyesho siku ya Jumapili, kwa hivyo bendi kubwa zilizokuwa zimekuja kutumbuiza mjini zilibaki bila kazi siku hiyo, na zikawa zinawasindikiza watoto redioni. Hebu fikiria una miaka kumi na kidogo, unashika tarumbeta, na nyuma yako wako watu wa Duke Ellington au Louis Armstrong. Mimi nikiwa na umri huo nilikuwa nyuma ya kwaya ya kanisa, tena nikifungua mdomo bila kutoa sauti.

Lakini kile Joe alichokitaka hakikuwa jazi. Alisoma muziki katika shule ya Mastbaum, palepale Philadelphia, na moyo wake ulikuwa kwenye muziki wa kiklasiki. Alitaka kukaa kwenye okestra kubwa, avae suti nyeusi, apige Beethoven. Shida ni kwamba okestra hizo hazikuwa na nafasi ya mtu mweusi. Nataka uelewe ukubwa wa huo ukuta. New York Philharmonic ilianzishwa 1842. Mwanamuziki wa kwanza mweusi kupata kiti cha kudumu humo, mpiga fidla Sanford Allen, aliingia 1962. Miaka 120. Kijana wa miaka ya 1930 mwenye akili timamu angehesabu namba hizo hata kabla hazijakamilika, na Wilder alihesabu. Aligeukia jazi kwa sababu ndiyo ilikuwa na mlango.

Hapa ndipo nilipoacha kuandika usiku ule. Tumezoea kusikia kwamba jazi ni wito, ni roho, ni kitu kinachompata mtu. Kwake ilianza kama kitu cha pili, kama vile rafiki zangu walivyoandikia udaktari kwenye fomu wakaitwa kusomea ualimu. Halafu akakifanya kitu cha pili vizuri kuliko wengi waliokichagua kwanza.

Akiwa na miaka 19 aliingia bendi ya Les Hite. Baadaye ya Lionel Hampton. Vita vikamchukua, akawa miongoni mwa weusi wa mwanzo kabisa kukubaliwa katika jeshi la wanamaji la Marines, ambalo lilikuwa limefungua mlango 1942 tu, tena likawatengea kambi yao peke yao, Montford Point, kule North Carolina. Alianza upande wa silaha, akahamishiwa bendi ya jeshi na kuishia kuwa msaidizi wa kiongozi wake. Baada ya vita akapita kwa Jimmie Lunceford, Lucky Millinder, Dizzy Gillespie, na 1954 akazuru Ulaya na Count Basie. Hayo majina ukiyasoma haraka yanaonekana kama ngazi. Ukweli ni mabasi, usiku baada ya usiku, na hoteli zilizokataa kuwalaza, na mikahawa iliyowauzia chakula kupitia dirisha la nyuma. Watu waliosafiri naye wanasimulia kwamba hakuwa anatukana kabisa, hata neno dogo, na kila mara alikuwa amevaa tai. Wanasimulia kama kichekesho. Mimi sijui kama ni kichekesho. Kuna aina ya usafi ambao mtu huuvaa kwa sababu anajua wengine wanangoja doa.

Nirudi nyuma kidogo, maana kuna kitu kilikuwa kinaendelea kando. New York ilikuwa na kazi nyingine ya muziki, isiyo na mabasi. Kulikuwa na kumbi za Broadway, ambapo okestra hukaa chini mbele ya jukwaa, kwenye shimo, mtazamaji akiona vichwa tu. Kulikuwa na studio za santuri. Kulikuwa na vituo vya redio na televisheni vilivyoajiri okestra nzima kwa mshahara. Hizo ndizo kazi zilizomwezesha mwanamuziki kulala nyumbani kwake na kulipa nyumba. Na karibu zote zilikuwa za wazungu. Chama cha wanamuziki chenyewe kilikuwa kimegawanyika katika miji mingi; pale Philadelphia tawi la weusi lilikuwa na namba yake, 274, na lilidumu mpaka 1971. New York tawi lilikuwa moja, lakini kuwa na kadi ya chama na kupigiwa simu ni vitu viwili tofauti.

Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitaalamu. Ilisemwa kwamba wanamuziki weusi wana kipaji sana lakini hawasomi noti vizuri, kwamba wao hupiga kwa hisia. Ni matusi yaliyofungwa kwa karatasi ya zawadi. Wilder, aliyekuwa amesoma noti tangu utotoni, alipata nafasi kwenye shimo la Guys and Dolls, onyesho lililofunguliwa Novemba 1950. Na wakati huohuo, mchana, alirudi darasani. Alijiandikisha Manhattan School of Music, akasoma tarumbeta ya kiklasiki na Joseph Alessi, akawa tarumbeta ya kwanza katika okestra ya chuo, na 1953 akapata digrii yake. Alikuwa na miaka 31. Mchana anajifunza, usiku anapiga Broadway na kulipwa.

Nilisoma hiyo sentensi ya miaka 31 mara kadhaa. Mimi nina 27.

Kisha ikaja Silk Stockings, 1955, onyesho la Cole Porter. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha tarumbeta ya kwanza. Kwa wale hawajakaa kwenye bendi, tarumbeta ya kwanza si tu yule mpigaji bora. Ndiye anayeamua noti inaanza lini, inakatwa wapi, ina ukali gani, na safu nzima ya shaba inamfuata. Ni kiti cha mamlaka. Kumpa mtu mweusi kiti cha nne pembeni ni jambo moja. Kumpa kiti ambacho wazungu watamfuata ni jambo lingine.

Hadithi inavyosimuliwa, watayarishaji walisita, wakaenda kumuuliza Porter kama ana pingamizi. Porter akauliza swali moja tu: anaweza kuupiga muziki wangu? Wakamwambia ndiyo. Basi, akasema, hayo mengine hayana maana. Na hivyo Wilder akawa mtu mweusi wa kwanza kushika tarumbeta ya kwanza katika okestra ya Broadway.

Kila mahali hadithi hii inasimuliwa kama sifa ya Porter. Sawa, alisema vizuri, apewe maua yake. Lakini hebu tuiangalie tena. Hapo palikuwa na mtu mwenye digrii, aliyepita kwa Lunceford, Gillespie na Basie, aliyekwisha kukaa kwenye shimo la onyesho kubwa. Na bado ilibidi kikao kifanyike kuuliza kama anaruhusiwa kukaa. Hakuna mpiga tarumbeta mzungu mjini New York aliyewahi kutafutiwa ruhusa ya namna hiyo. Swali la Porter lilikuwa zuri kwa sababu lilikuwa swali la kawaida, lile ambalo wengine wote waliulizwa kila siku. Wilder alihitaji mwenye muziki mwenyewe aseme ndipo aulizwe swali la kawaida.

Niliandika jambo kama hilo kwenye kurasa za mteja. Wiki mbili baadaye akanirudishia. Profesa wake alikuwa amezungushia aya hiyo duara na kuuliza mwandishi ana hasira na nani. Mteja akaomba nipunguze makali. Nikapunguza. Akaniongezea dola tano.

Kuanzia 1957 Wilder akaajiriwa na ABC, televisheni, na akakaa huko mpaka mapema miaka ya 1970. Mchana ABC, na katikati yake studio. Wacha nieleze kazi ya studio ilivyokuwa, kwa sababu watu wakisikia mwanamuziki wa studio wanafikiria mtu amelegea kwenye kochi akisubiri msukumo. Simu inalia. Wakala anayekusanya wanamuziki anakwambia saa na mahali, labda vizibo gani ubebe vya kufinya sauti ya tarumbeta. Hakwambii ni wimbo gani. Unafika, unakuta karatasi kwenye kishikio, na hujawahi kuiona. Kwa kanuni za chama kipindi ni saa tatu, na ndani ya saa hizo nyimbo kama nne ziwe zimeiva. Taa nyekundu inawaka. Ukikosea noti moja, watu thelathini wanarudia, na jina lako linakumbukwa kwa sababu mbaya. Ukipatia, hakuna anayesema kitu. Asubuhi unaweza kupiga tangazo la sabuni, mchana unamsindikiza mwimbaji kwa sauti laini kama pamba, jioni unakimbia Broadway. Kila mahali unatakiwa uwe mtu tofauti, na kila mahali uwe na uhakika kana kwamba umekaa hapo miaka kumi.

Waliomtaka ni wengi. Alipiga nyuma ya Billie Holiday, Lena Horne, Tony Bennett, Johnny Mathis, Harry Belafonte. Waimbaji walimpenda kwa sababu alijua kukaa kando ya sauti bila kuikanyaga. Jina lake mara nyingi halikuandikwa popote. Majalada ya santuri za siku hizo yaliandika jina la mwimbaji, la mpangaji muziki, na basi. Kuna mamilioni ya watu waliomsikia Joe Wilder wasijue. Pengine hata bibi yako, kama nyumbani kulikuwa na redio.

Ule wimbo ulionizuia kuandika ni Cherokee, kutoka albamu yake ya kwanza, Wilder 'n' Wilder, iliyorekodiwa na Savoy 1956. Wako wanne tu: Hank Jones kwenye piano, Wendell Marshall kwenye besi, Kenny Clarke kwenye ngoma, na yeye. Kwa wapiga jazi, Cherokee ni kama uwanja wa mbio. Tangu siku za Charlie Parker watu huupiga kwa kasi ya kutisha ili kuonyesha vidole. Wilder anaupiga polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea jioni, na anaendelea hivyo kwa dakika zaidi ya kumi bila kukurudishia kitu ulichokwisha kusikia. Sauti yake ni mviringo. Kila noti inaanza safi na inaisha mahali alipoamua iishe. Hapo ndipo unasikia Mastbaum, na ile okestra iliyokataa, na miaka ya mashimo ya Broadway, vyote vikiwa vimekaa ndani ya mtu ambaye hana haraka ya kumthibitishia yeyote chochote. Nimesikiliza pengine mara hamsini. Sijachoka.

1959 akatoa nyingine na Columbia, na ndani ya mwaka huohuo kampuni hiyohiyo ikatoa Kind of Blue ya Miles Davis. Wapiga tarumbeta wawili, kampuni moja, mwaka mmoja. Mmoja ana fulana zake mpaka Gikomba. Sisemi Wilder alistahili kuwa Miles. Miles alibadilisha muziki, Wilder hakubadilisha, na hakuna haja ya kudanganyana hapa. Ninachosema ni kwamba tuna maneno mengi ya kumwelezea aliyebadilisha, na hatuna mengi ya kumwelezea aliyefanya kila kitu kuwa sawa. Mtunzi Alec Wilder, ambaye hawakuwa na udugu wowote licha ya jina, alimtungia muziki wa kiklasiki hasa kwa ajili ya tarumbeta yake. Watunzi hawafanyi hivyo kwa mtu wa kawaida.

Na ule mlango wa mwanzo? 1965 ilianzishwa New York okestra iliyoitwa Symphony of the New World, iliyochanganya weusi na wazungu kwa makusudi, na Wilder akakaa tarumbeta ya kwanza humo mpaka 1971. Mara kadhaa akaitwa pia kupiga na New York Philharmonic yenyewe. Alikuwa amepita miaka 40. Wengine watasema alifika. Mimi naona alifika akiwa amechelewa kwa miaka zaidi ya ishirini, na si yeye aliyechelewa.

Kisha kazi yenyewe ikaanza kuisha. Vituo vya televisheni viliamua havihitaji tena okestra za mshahara, kimoja baada ya kingine, na miaka ya 1970 ABC ikawa imefunga hesabu. Baadaye zikaja kinanda za umeme zilizoweza kuiga sauti ya safu nzima ya shaba kwa kidole kimoja. Hizo sauti zilikuwa mbaya, wote walijua ni mbaya, lakini zilikuwa rahisi. Hii sehemu niliielewa bila kusoma mara mbili. Tangu programu za akili mnemba zianze kuandika insha, kazi zangu zimepungua mpaka wiki nyingine napata moja, na hiyo moja ni ya kusafisha kile ambacho mashine imeandika. Naambiwa niifanye isikike kama mtu.

Wilder aliendelea na Broadway. Uzeeni akaanza tena kurekodi kwa jina lake mwenyewe, akafundisha vijana, akawa anabeba kamera na kupiga picha wenzake. 2006 aliongoza kundi lake jukwaani Village Vanguard, ukumbi mdogo wa chini ya ardhi ambao kila mpiga jazi huuota. 2008 serikali ya Marekani ikampa heshima ya NEA Jazz Master, ile kubwa kabisa kwa fani yake. Mwaka 2014 kikatoka kitabu kizima juu ya maisha yake, cha Edward Berger. Akafariki Mei 9 mwaka huohuo, New York, miaka 92.

Mama yangu hajui ninachoandika. Anajua tu naandika, na akiulizwa kanisani anasema mtoto wake ni mwandishi, kitu ambacho ni kweli kwa namna asiyoifahamu. Mwezi uliopita akaniuliza kwa simu kama bado nafikiria shule. Nikamwambia kuna mzee mmoja Marekani alimaliza akiwa na miaka 31. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwani huyo mzee alilipiwa karo na nani?

Nikamwambia alikuwa anapiga tarumbeta usiku.

Wiki jana nilijaribu kuingia kwenye akaunti yangu ya chuo. Sikutegemea itafunguka, lakini neno siri lile la zamani bado linafanya kazi. Jina langu liko pale juu, na namba ya usajili, na masomo kumi na moja ambayo sijafanya. Deni la karo liko chini kabisa, kwa rangi nyekundu. Nililinakili kwenye karatasi, nikafungua Cherokee, nikaanza kugawanya.